Ukisafiri Peke Yako, Utunze Mwili

Huenda baada ya msiba au kazi nyingi umeamua kufunga safari peke yako, kutoka Nkoma hadi Bagamoyo, palipoanzishwa misheni mwaka 1868. Moyo utapumzika, lakini mwili je?

Kukaa garini saa nyingi huifanya damu ya miguuni iende polepole, nayo huweza kuganda. Donge hilo likifika mapafuni laweza kuua. Basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa kitini, inua visigino mara kwa mara, unywe maji. Ukiendesha mwenyewe na usingizi ukaja, egesha ulale. Dawa zako za kila siku zikae mkobani, si kwenye buti. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikikubana, wahi hospitali. Waage wa nyumbani, wajue njia yako.