Tokeni zinaisha mbio msimu huu wa baridi? Usilaumu balbu

Unarudi keja saa moja usiku, umelowa manyunyu ya Julai, vidole vimeganda hata ufunguo haushikiki. Unawasha taa, unawasha hita, unaingia kuoga. Maji ni moto, nje ya hayo maji ni baridi tupu, kwa hivyo unakaa humo robo saa. Siku nne baadaye mita inaanza kupiga kelele, nawe unamgombeza mwenzako kwa kuacha taa ikiwaka.

Huyo mtu namjua. Mwaka jana alikuwa mimi. Nilinunua tokeni za 500 Jumapili, Alhamisi nikaamkia gizani, na siku nzima nikawa na hakika kuna jirani ameunganisha waya kwenye mita yangu. Jioni nikachukua kalamu na karatasi. Jirani hakuwa na kosa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Chungulia balbu yako ya LED. Nyingi za nyumbani ni wati 9 hivi. Balbu hiyo itawaka saa 111 ndipo imalize uniti moja. Sasa ile shawa ya umeme iliyo bafuni, ya kuchemsha maji papo hapo, nyingi hula wati 5,500 au zaidi. Inamaliza uniti hiyo hiyo kwa dakika 11.

Soma tena hapo. Saa 111 kwa dakika 11.

Bei ya uniti hupanda na kushuka, basi tuchukue shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi. Kuoga robo saa kunakula kama shilingi 41. Ukioga hivyo kila siku, mwezi ukiisha shawa pekee imekula zaidi ya 1,200. Dakika tano ni shilingi 14. Na ukitaka kushuka zaidi, rudi kwenye karai: chemsha birika la stima mara mbili, changanya na maji baridi, una lita kumi za maji ya kuoga vizuri kwa shilingi 10 hivi. Najua, karai halina raha ya shawa. Mimi huoga kwa karai siku za kazi, shawa naiwekea Jumamosi.

Hita ndiyo mwizi mkubwa kabisa. Ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu usiku inakula uniti 6, yaani shilingi 180 kwa usiku mmoja. Na joto lenyewe linakwenda wapi? Kama unaishi chini ya mabati yasiyo na dari, linapanda juu na kukuaga. Unapasha moto hewa ya mtaa mzima.

Kwa hivyo achana na chumba, pasha mwili. Ile chupa ya mpira ya maji moto waliyokuwa nayo nyanya zetu bado inauzwa. Kuchemsha lita moja na nusu ya kuijaza hakufiki shilingi 6. Acha maji yapoe kidogo kabla ya kumimina, ifunge kwa fulana isikuunguze, iweke miguuni dakika kumi kabla hujaingia kitandani. Soksi, marvin kichwani, blanketi la pili. Chini ya mlango sukuma leso kuukuu iliyokunjwa, maana upepo mwingi wa Nairobi unapitia hapo. Jua likijitokeza, hata kwa saa moja, fungua pazia liingie. Jioni lifunge mapema.

Chai nayo, chemsha mara moja uiweke kwenye thamosi badala ya kuwasha birika kila unapotaka kikombe. Maharagwe yaloweke usiku kucha, sufuria uifunike. Hayo ya mapishi mama alishakuambia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani kwa madaraja: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kila daraja lina bei yake, na daraja lako hutokana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Yaani raha ya Julai inaweza kukupandisha daraja, ukaendelea kuilipia hata jua la Septemba likishawaka. Ndiyo maana inafaa uzijue uniti zako. Leo usiku andika salio la mita kabla ya kuoga, kisha baada ya kuoga. Nambari hiyo itakutoa kwenye shawa haraka kuliko makala yoyote.

Lakini tokeni zikiisha kabisa na M-Pesa haina kitu, kuna wazo moja linalokuja, na ndilo lililonifanya niandike haya. Unakumbuka lile jiko la makaa lililo nje mlangoni.

Usilale nalo ndani. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliofunga mlango na dirisha, wakaingiza jiko, wasiamke. Wengi hudhani hatari ni moshi, kwa hivyo wanangoja makaa yaive, yawe mekundu safi bila moshi, ndipo waingize. Makaa hayo mekundu safi bado yanatoa kaboni monoksidi. Huioni, haina harufu, wala haikukohoishi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako, na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Usiku wa baridi, nani atashangaa akisikia usingizi?

Ukihisi dalili hizo na kuna jiko chumbani, toka nje kwanza na uwatoe wengine, acha mlango wazi, kisha mwende hospitalini hata kama mnajiona mmepata nafuu. Na ile leso ya chini ya mlango, itoe kila unapopika ndani, hata kwa gesi, na ufungue dirisha.

Chakula kikishaiva, toa jiko nje likiwa bado jekundu. Mwombe jirani akuchemshie maji ya kujaza chupa.