Mwalimu wa Kiswahili Anapokuwa Mkuu wa Shule: Mafunzo ya Uzamili Yamfundishe Nini?

Kila mwaka hutujia ofisini wahitimu wetu wawili watatu ambao wamekwisha kufundisha kwa miaka minane au kumi, na sasa wameteuliwa kuwa walimu wa taaluma au manaibu wa wakuu wa shule. Swali lao huwa moja: je, waendelee na shahada ya uzamili ya Kiswahili, au wachukue ile ya mipango na uongozi wa elimu? Zamani tuliwajibu upesi kwamba aliyeanza na lugha amalizie na lugha. Siku hizi hatuwajibu hivyo, na makala haya yanakusudia kueleza sababu.

Hapa Uganda, wakuu wa shule za sekondari za serikali huteuliwa kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu, na walimu wakuu wa shule za msingi kupitia tume za utumishi za wilaya. Anayetazamiwa kuteuliwa ni mwalimu aliyekaa darasani miaka mingi. Ijumaa ameshika chaki. Jumatatu ameshika funguo za stoo, muhuri na kitabu cha hundi. Kwa hiyo haishangazi kwamba mafunzo mengi ya uongozi yamejengwa juu ya mambo yanayomtia hofu mtu huyo: fedha, sheria, mikutano ya bodi, usimamizi wa majengo. Makerere na Kyambogo wana shahada za uzamili katika sera, mipango na uongozi wa elimu. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kilianzisha taasisi yake ya elimu mjini Dar es Salaam mwaka 2006, nayo imekuwa ikipokea walimu walio kazini kutoka nchi zetu hizi. Tanzania ina wakala wake wa mafunzo ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo. Hatuyabezi mafunzo ya namna hiyo hata kidogo. Mkuu asiyeweza kusoma hesabu za shule yake atazungushwa na mhasibu kabla muhula haujaisha.

Lakini shule anayokabidhiwa leo si ile ya zamani. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka milioni tatu hivi hadi zaidi ya milioni tano kwa mwaka mmoja. Mwaka 2007 ikafuata sekondari kwa wote. Walioingia ni watoto ambao awali hawakuwa wakihesabiwa: wa mama muuza mkaa, wa mfugaji anayehama, mlemavu aliyekuwa akifichwa nyumbani, mkimbizi. Shule ilibadilika kwa upande wa nani anaingia, ila mkuu wake akaendelea kufundishwa kana kwamba anaongoza shule ya wateule, ambako kazi yake ni kulinda nidhamu na kupandisha daraja za mtihani.

Hapa sisi watu wa lugha tuna neno la kusema, maana tatizo limo hata katika msamiati. Tunapozungumzia uongozi wa haki shuleni, wengi wetu hutumia neno "usawa". Neno hili limetokana na "sawa", nasi tumezoea kulielewa kuwa kila mtu apewe kile kile. Mwalimu wa Kiswahili anayesoma imla kwa wanafunzi 80 huwapa wote sauti moja, kwa kasi moja, kwa dakika zile zile. Huo ni usawa. Na yule aliyeketi nyuma kabisa, ambaye sikio lake moja halisikii, anapata alama mbili. Neno linalofaa zaidi ni "uadilifu", lenye asili ya "adili", yaani kumpa kila mmoja stahili yake. Lakini tumelibana hadi likabaki kuwa sifa ya mtu asiyekula rushwa. Tungependa lirudishiwe upana wake. Mkuu mwadilifu awe pia yule aliyemhamisha mtoto huyo kiti cha mbele, akamwambia mwalimu asome imla mara mbili.

Tutoe mfano tunaoujua vizuri, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Kabla ya kuja chuo kikuu tulishika kazi ya mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya magharibi mwa Uganda, si mbali na makazi ya wakimbizi kutoka Kongo. Siku moja alikuja mama na kijana wake. Kijana alikuwa amesoma kwao miaka miwili ya sekondari, kwa Kifaransa. Tulimpa karatasi ile ile ya majaribio tuliyowapa wageni wote, kwa Kiingereza, akashindwa karibu kila kitu. Tukamwandikia barua aende darasa la sita katika shule ya msingi ya jirani. Mama akatuambia, "Mwalimu, mutoto yangu alisha maliza ya pili sekondere, sasa munamurudisha mu primere?" Kati ya walimu wote pale ni sisi tu tuliomwelewa. Nasi tulifanya nini na uelewa huo? Tulitabasamu, tukamsahihisha: si "mutoto yangu", ni "mtoto wangu". Akarudia kama tulivyomwelekeza, kwa adabu, akachukua barua, wakaenda. Kijana alikaa katika lile darasa la sita wiki tatu, miongoni mwa watoto waliomfikia kifuani, kisha akaacha. Baadaye tulimwona sokoni akipakua magunia ya mahindi.

Tumelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila tukilifikiria tunaona kwamba hatukukosa huruma. Tulikosa ujuzi. Hatukujua kwamba Baraza la Taifa la Mitihani hulinganisha vyeti vya nje na vya hapa, na kwamba palikuwa na njia ya kumtafutia nafasi halali ya sekondari. Haikutupitia akilini kumpima hesabu na sayansi kwa Kiswahili, ingawa tulikuwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili mfukoni. Hatukujua kutofautisha mtoto asiyejua somo na mtoto asiyejua lugha ya somo. Mambo haya matatu yanaweza kufundishwa, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Katika makazi kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, ambako Wakongo ni wengi, mwalimu wa Kiswahili huenda ndiye pekee shuleni anayeweza kuzungumza na mzazi bila mkalimani. Akiwa naibu wa mkuu, kalamu inayompangia mtoto darasa huwa mkononi mwake.

Basi mafunzo ya uzamili yamfundishe nini mtu huyu? Jibu letu la kwanza ni dogo na halina fahari: yamfundishe kusoma daftari la mahudhurio. Wengi hudhani wanajua. Tuseme shule moja iliandikisha kidato cha kwanza wasichana 62 na wavulana 58. Miaka mitatu baadaye, kidato cha nne kina wasichana 23 na wavulana 41. Ripoti kwa bodi husema wanafunzi 64 wamesajiliwa kufanya mtihani, na kwamba asilimia 90 wanatarajiwa kufaulu. Bodi hupiga makofi. Hakuna anayeuliza wale 56 wako wapi, wala kwa nini 39 kati yao ni wasichana. Mwanafunzi wa uongozi apewe daftari halisi la shule yake, la miaka minne, alichambue jina kwa jina: nani aliondoka, muhula gani, alikuwa akitoka kijiji gani, karo yake ilidaiwa kiasi gani, alikuwa na ulemavu gani ambao hakuna aliyeuandika. Kisha aende kwenye nyumba tano kati ya hizo. Tumewahi kulijaribu zoezi hili na walimu wachache waliorudi kwetu likizoni. Mmoja alirudi kimya kabisa, kwa sababu katika nyumba tatu kati ya tano aliambiwa mtoto aliondoka baada ya kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na barua za kumrudisha zilikuwa na saini yake mwenyewe.

Jambo la pili ni ratiba ya vipindi, ambayo vitabu vya uongozi huiona kuwa kazi ya karani. Kwetu sisi ratiba ndiyo sera ya shule iliyoandikwa kwa ukweli kuliko zote. Itazame uone nani anafundishwa na mwalimu bora, na saa ngapi. Aghalabu mwalimu hodari hupewa darasa la mtihani na mkondo wa wenye akili, huku kidato cha kwanza chenye wanafunzi mia na zaidi kikiachiwa mwalimu mgeni. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Shule yenye mwalimu mmoja wa Kiswahili, au isiyo naye kabisa, hulipeleka somo hilo saa tisa alasiri, au huliandika tu ratibani ili mkaguzi alione. Wapo bado wanaotuambia kuwa hii ni lugha ya askari, tumechoka kuwajibu.

La tatu ni lango. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na wasichana wengi wakarudi wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Wizara ilikuwa imetoa mwongozo Desemba 2020 wa kuwawezesha wasichana waliopata mimba kurejea masomoni. Mwongozo ulifika ofisini kwa mkuu, ila mlinzi wa lango hakuusoma, wala matroni, wala mwenyekiti wa wazazi aliyesema msichana huyo ataharibu wenzake. Kuujua mwongozo ni kazi ya jioni moja. Kuusimamia mbele ya bodi iliyojaa wazee wa dini na wazazi wenye hasira ni kazi ya lugha: nani aanze kuzungumza, jambo liitwe jina gani, lini mtu anyamaze. Kozi ya uongozi isiyo na hata saa moja ya kufanya mazoezi ya mkutano wa namna hiyo, kwa lugha ambayo wazazi wenyewe huitumia, ina upungufu ambao hakuna somo la bajeti litakaloufidia.

Hapa inabidi tuseme pia juu ya nani anayafikia mafunzo yenyewe. Masomo ya likizo hufanyika zaidi mjini. Mwalimu wa kike mwenye mtoto mchanga kule Karamoja na mwalimu wa kiume wa Mukono hawako umbali mmoja kutoka Kampala, hata ada ikiwa ile ile. Halafu kuna suala la mishahara. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni nne kwa mwezi, wenzao wa sanaa wakabaki na milioni moja na ushee, jambo lililosababisha mgomo. Mwalimu wa Kiswahili anayejilipia uzamili hulipa kutoka katika mfuko huo mdogo, ili aje awaongoze watu wanaompita mshahara. Chuo kinachotangaza kwamba kinafundisha uongozi wa haki kingeanza kwa kutazama orodha ya wanaojiunga nacho kama vile tulivyotazama daftari la kidato cha nne.

Kwa hiyo anayetuuliza siku hizi tunamjibu hivi: kama unabaki darasani, soma lugha, kwa sababu walimu wenye lugha pana bado ni wachache. Kama umekwisha kukabidhiwa ofisi, soma uongozi, ila kabla ya kulipa ada uliza maswali mawili. Je, kozi itakurudisha shuleni kwako ukiwa na kazi ya kufanya, au utaandika tasnifu juu ya shule usiyoijua? Na je, kuna mkufunzi aliyewahi kuwa mkuu wa shule, atakayekuja kukuona ukiendesha mkutano?

Wahitimu wetu walio tayari kufanya zoezi la daftari likizo ijayo waje idarani wakiwa na madaftari ya miaka minne mfululizo, pamoja na ruhusa ya mkuu wa shule. Majina ya wanafunzi hayatatoka nje ya chumba. Nauli ya kwenda kwenye zile nyumba tano kila mmoja atajitafutia.