Samaki wa Mlima Kenya na afya ya moyo wako

UKITEMBEA katika soko la Karatina siku ya soko, utakuta viazi, kabeji, karoti na maharagwe yamerundikwa hadi njiani. Samaki pia yupo, lakini itakubidi umtafute. Na ukiulizia omena, usishangae nawe ukiulizwa una kuku wangapi.

Je, msomaji, samaki huonekana mezani pako mara ngapi kwa wiki?

Swali hili si la upishi peke yake. Mwaka 2018, serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia mpango wa afya kwa wote, Nyeri iliteuliwa kutokana na mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza, kama vile kisukari na shinikizo la damu. Wengi wetu tuna mzazi au mjomba anayemeza tembe za presha kila asubuhi.

Ajabu ni kwamba samaki hawako mbali. Trauti waliletwa kutoka Uingereza na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905, na mwaka 1948 vituo vya kukuzia samaki vikaanzishwa Kiganjo na Sagana. Lakini trauti walikuwa mchezo wa walowezi wenye ndoana. Wazee wa Kikuyu hawakula samaki, na wapo waliomwona kuwa jamaa ya nyoka. Mwaka 2009 serikali iligharamia mabwawa kote nchini, na hata kiwanda cha samaki kikajengwa Wamagana, Tetu. Mabwawa mengi yalikauka au yakaachwa. Kuchimba shimo ni rahisi kuliko kubadilisha ulimi.

Sifa za mafuta ya samaki zilienea baada ya madaktari wawili wa Denmark, Bang na Dyerberg, kwenda Greenland mwaka 1970 kupima damu ya wenyeji waliokula samaki na sili kwa wingi. Ilisemekana kwamba ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra kwa watu hao, ingawa wataalamu wa baadaye walitilia shaka hesabu hizo.

Kwetu sisi, mfano wa karibu zaidi uko Tanzania. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, uliolinganisha wanakijiji zaidi ya elfu moja. Wote walikuwa Wabantu wenye maisha yanayofanana. Tofauti ilikuwa chunguni: wa ufuoni mwa Ziwa Nyasa walikula samaki kila siku, na wa milimani walikula nafaka na mboga, karibu kama shosho zetu. Walaji samaki walionekana kuwa na shinikizo la chini la damu, na mafuta mabaya katika damu yao yalikuwa machache. Na hao walikuwa samaki wa maji baridi, si wa bahari kuu! Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba samaki ndiye sababu, lakini unatufikirisha sisi wa milimani.

Siri yenyewe ni mafuta yaitwayo omega-3. Hupunguza mafuta yanayoelea katika damu, husaidia chembe za damu zisigandamane ovyo, na hutuliza uvimbe ndani ya mishipa. Mwili hujitengenezea machache sana kutokana na mimea, kwa hiyo sukumawiki haitoshi.

Basi tukimbilie kapsuli za duka la dawa? Polepole. Nchini Marekani, watu 25,871 walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano katika utafiti wa VITAL, uliotoa matokeo yake mwaka 2018. Nusu yao walimeza gramu moja ya omega-3 kila siku. Saratani haikupungua. Jumla ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo haikupungua vya kutosha pia. Mshtuko wa moyo ukihesabiwa peke yake ulipungua, na waliofaidika zaidi ni wale ambao hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Hapo ndipo mtu wa Nyeri anapotega sikio.

Kwa hiyo anayekuuzia chupa akikuahidi kinga ya saratani, mpungie mkono uende zako. Faida iliyo wazi zaidi dhidi ya saratani huenda ikatokana na kile samaki anachokiondoa mezani: soseji ni miongoni mwa vyakula ambavyo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kuwa husababisha saratani ya utumbo.

Wataalamu wa moyo hupendekeza samaki mara mbili kwa wiki, hasa mwenye mafuta. Trauti anamshinda tilapia mbali kwa omega-3, na omena, chakula chetu cha kuku, si wa kudharauliwa. Lakini ukimtumbukiza samaki katika karai la mafuta yanayochemka, umemwongezea mafuta mengine kabisa. Mchemshe, mwoke kwenye makaa, au umpike kwa nyanya na dania, chumvi kidogo.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio, amwone daktari kabla ya kugusa kapsuli. Na babu akikataa samaki katakata, msimlazimishe. Mpunguzieni chumvi na nyama ya kuchoma, mwongezeeni maharagwe, na mwacheni aendelee kutembea kwa miguu hadi kiwanda cha kahawa.