Kwa Nini Kwenda New York Huchukua Muda Mrefu Kuliko Kurudi

Msomaji mmoja ameuliza swali lililonifurahisha mno. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ilipanga saa 15 hivi za kwenda na saa 14 za kurudi. Umbali ni ule ule, takriban kilomita 11,850. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Ndege ikielekea magharibi, New York si ingekuja kuilaki? Mbona kwenda ndiko kunakochelewa?

Tofauti ya saa za miji hii tuiache, simu ya kila mtu inaionyesha. Tuingie kwenye utamu wenyewe.

Chukua matatu inayokimbia Barabara ya Thika. Abiria akirusha sarafu juu, inamrudia kiganjani, kwa sababu yeye, sarafu na hewa iliyomo wote wanasafiri pamoja. Ndege nayo, hata kabla ya kuruka, imeshabebwa na dunia kwenda mashariki, pamoja na hewa yote inayoizunguka. Kwa hiyo New York haiji kumlaki mtu.

Sasa mtazame makanga anayeruka kabla matatu haijasimama. Miguu imegusa lami iliyotulia, mwili bado una kasi ya gari, naye halazimishwi na mtu kukimbia mbele hatua kadhaa: kasi ile ndiyo inayomkimbiza. Hewa ya ikweta ndiye makanga huyo. Pale ilipo Nairobi, ardhi huzunguka kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Jua huipasha hewa, ikapanda, na huko juu ikasukumwa kuelekea kaskazini na kusini. Kwenye latitudo ya nyuzi 30 mzingo wa dunia umepungua, ardhi inakwenda kilomita 1,450 hivi tu. Hewa inafika hapo ikiwa na kasi ya kwao, inaitangulia ardhi, inatimka mashariki! Na kadiri inavyousogelea mhimili wa dunia ndivyo inavyozidi kuharakisha. Ikikutana na hewa baridi ya kaskazini, kilomita 10 hivi juu ya vichwa vyetu, inakuwa mto wa upepo unaoweza kupita kilomita 300 kwa saa. Wengi huuita mkondo wa jeti. Mimi napenda mkondo wa anga, kwani ulikuwapo kabla ya ndege yoyote.

Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa maputo miaka ya 1920, akachapisha ripoti yake kwa Kiesperanto mwaka 1926, na karibu hakuna aliyeisoma. Mwaka 1952 ndege ya Pan American iliudandia kutoka Tokyo hadi Honolulu, na safari ya saa 18 ikapungua hadi saa 11 na nusu. Februari 2020, dhoruba ilipouchochea mkondo huo juu ya Atlantiki, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Mkondo huo humpinga anayekwenda magharibi na kumsukuma anayekwenda mashariki. Ndiyo maana wapangaji wa safari hawatazami mstari mfupi peke yake. Wakienda New York huukwepa mkondo, hata kwa kuzunguka, wakirudi huutafuta. Mkondo huwa na nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini, kwa hiyo anayerudi Nairobi mwezi Januari ndiye anayesukumwa zaidi.