Kumbe 'smile' ni mgeni kwa Kiingereza, kama tabasamu kwetu

Kinyambo cha Karagwe na Kyerwa kina 'sheka', Kiswahili kina 'cheka'. Ndugu wa damu kabisa hao, yote ya Kibantu. Ila tabasamu limetoka mbali: ni la Kiarabu, mzizi mmoja na jina Basma.

Waingereza nao yamewakuta. 'Laugh', yaani kucheka, ni lao tangu zamani, lakini 'smile' liliingia karibu mwaka 1300, huenda kutoka Skandinavia. Kabla ya hapo walikuwa na 'smearcian', kutabasamu kwa kawaida tu. Mgeni akanogewa, mwenyeji akashushwa cheo: leo ndiyo 'smirk', lile tabasamu la dharau. Kwa hiyo ukisifia picha ya shemeji kwa Kiingereza, hapo usikosee.