Mtoto mmoja tu, namba ya taifa inabadilika yote

Biharamulo. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, nani alilala hapa? Swali hilo liliulizwa katika kaya nchini kote, zikiwamo za Kata ya Runazi mkoani Kagera. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku alihesabiwa. Aliyezaliwa baada ya hapo hakuhesabiwa.

Oktoba 31 mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo jijini Dodoma: watu 61,741,120.

Mzazi mwenye mtoto anayeogopa hesabu anaweza kuitumia namba hiyo sebuleni, bila kikokotoo.

Ianzeni mwishoni

Inaishia na sifuri, hivyo inagawanyika kwa 2, 5 na 10. Tarakimu tatu za mwisho, 120, zinagawanyika kwa 8, kwa hiyo namba nzima nayo inagawanyika kwa 8.

Je, kwa 3? Jumlisheni tarakimu zote: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3, hivyo Watanzania wakijipanga watatu watatu, mmoja anabaki peke yake. Kagera yenye watu 2,989,299 ina bahati: tarakimu zake zinafika 48, hivyo hakuna anayebaki.

Kwa 7 inakubali. Kila siku ya wiki ingepata watu 8,820,160.

Ukiivunja hadi mwisho unapata 64×5×7×43×641. Hiyo 641 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na ina historia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa 641 inaigawa 4,294,967,297, namba ambayo Pierre de Fermat aliamini ni tasa.

Kwa jumla, namba ya sensa ina vigawo 112.

Toa mmoja uone

Sasa mwambie mtoto amtoe mtu mmoja, tuseme kichanga ambaye mama yake alisahau kumtaja kwa karani. Inabaki 61,741,119. Namba iliyokuwa shufwa imekuwa witiri. Tarakimu zinafika 30, hivyo sasa inagawanyika kwa 3. Katika vile vigawo 112, kimebaki kimoja tu: 1.

Si bahati mbaya. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwani kigawo hicho kingelazimika kuigawa pia tofauti yao, ambayo ni 1.

Kwa afya, somo ni lilelile. Dozi za chanjo hupangwa kwa kuangalia idadi ya watoto waliopo. Kichanga asiyetajwa anaonekana mdogo mbele ya milioni 61, lakini siku ya kliniki anahitaji dozi nzima.

Kwa hiyo baada ya zoezi, mzazi afungue kabati: kadi ya kliniki ipo? Cheti cha kuzaliwa je? Hizo ndizo karatasi zinazosema mtoto huyu naye yumo.