Kiungulia cha kawaida, au tumbo limejisokota?

Wengi wetu tukichomwa na kiungulia hukimbilia duka la dawa, tukanunua tembe za asidi na kuendelea na shughuli zetu. Mara nyingi hilo hutosha. Lakini kuna maumivu ambayo hayapaswi kusubiri hadi asubuhi.

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Umio, yaani mfereji wa chakula, hupenya katika tundu la msuli huo. Tundu likilegea, hasa kwa watu wanene na waliopita umri wa miaka 50, sehemu ya mfuko wa chakula hupanda kifuani. Hiyo ndiyo henia ya kiwambo.

Kwa walio wengi, mfuko huteleza juu na kurudi. Taabu yao ni kiungulia na kucheua maji machachu, na dawa huwasaidia. Kwa wachache, mfuko hupanda kando ya umio na huweza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Hapo njia ya chakula huziba na damu huacha kupita. Nyama ya mfuko hufa, hutoboka, na mgonjwa asipopasuliwa mapema anaweza kufariki.

Daktari Mjerumani, Borchardt, alieleza dalili tatu za hali hii mwaka wa 1904: maumivu makali ya ghafla kwenye chembe cha moyo, kujikamua kutapika bila kitu kutoka, na mrija unaopitishwa puani kukataa kufika tumboni. Mbili za kwanza unaweza kuzitambua ukiwa nyumbani.

Maumivu haya hufanana na ya vidonda vya tumbo au mshtuko wa moyo. Ndiyo sababu hospitalini moyo hupimwa kwanza, kisha kifua hupigwa picha ya eksirei, ambayo huweza kuonyesha hewa na maji nyuma ya moyo.

Henia pia huweza kuvuja damu kidogo kidogo. Ukiishiwa na nguvu, au choo kikiwa cheusi kama lami, mwone daktari.

Je, ufanye nini maumivu yakianza? Usile, usinywe chochote, hata maziwa. Nenda hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji, usiku au mchana. Na kama umewahi kuambiwa una henia ya kiwambo, mwambie daktari mara tu ufikapo.